Dada wa Wino wa Kijani

Ukitaka kumwona Masjala amekunja uso, shika picha ya zamani kwa kuikandamizia dole gumba katikati. Hatakufokea. Atakusogezea kitambaa safi na kukuambia, kwa sauti ile ile iliyowanyoosha wakurugenzi watano, "Pembeni, baba. Picha hushikwa pembeni." Na wewe, hata kama ni mume wake wa ndoa na baba wa watoto wake wanne, utaishika pembeni.

Jina la Masjala hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, kwenye masjala ya ofisi, chumba cha ghorofa ya chini chenye rafu za chuma mpaka darini, ambako kwa miaka thelathini na mmoja alipokea barua, akazigonga muhuri, akazipa namba na kuzilaza kwenye majalada yake. Makarani wengine walikuja, wakapiga miayo, wakahamishwa. Yeye alibaki. Na kwa miaka yote hiyo, kama apendavyo kuwaambia hata watu ambao hawakumwuliza, hakupoteza jalada hata moja. Ni kweli lipo moja lililowahi kutoweka siku tatu, lakini lilikutwa chini ya mto wa kiti cha mkurugenzi, na hilo yeye halimhusu.

Alipostaafu, mumewe, dereva wa lori aliyemtangulia kustaafu, alimwandalia kiti kibarazani kando ya chake. Masjala alikikalia wiki mbili. Wiki ya tatu alipanga upya kabati la vyombo kwa ukubwa. Wiki ya nne alipanga dawa zote za nyumbani kwa tarehe za kuisha nguvu. Wiki ya tano mumewe akamwambia, "Mama, nakuomba utafute kitu cha kufanya kabla hujanigonga muhuri na mimi."

Kitu chenyewe kililetwa na mvua. Paa la kaka yake lilivuja juu ya kabati, na asubuhi moja kaka huyo akaingia na albamu ya harusi yake ameifunga kwenye mfuko wa plastiki kama samaki wa sokoni. Kurasa zilikuwa zimegandana. Masjala alikaa nazo siku nzima akizitenganisha kwa uzi wa kusafishia meno, taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine. Aliokoa picha kumi na moja. Zilizobaki zilibanduka na kuacha nyuso zao kwenye ukurasa wa pili, bwana harusi huku, pua yake kule. Kaka alicheka, kwa sababu yeye hucheka kila kitu. Masjala hakucheka. Alishikwa na hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyetunza karatasi za watu baki miaka thelathini na mmoja huku picha za kwao zikiozea makabatini. Mali bila daftari hupotea bila habari, alijisemea, na mwenye daftari katika familia hii ni nani kama si yeye?

Wiki hiyo hiyo akanunua skana, mashine bapa yenye kioo na mfuniko, kutoka kwa mpiga picha wa mtaani aliyekuwa anafunga studio yake. Akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, kando ya kompyuta ndogo aliyoachiwa na binti yake, na kuanzia siku hiyo mumewe anakula sahani ikiwa mapajani.

Mwanzo haukuwa mtamu. Picha ya kwanza kuingia kwenye kompyuta ilikuwa ya baba mkwe, na ilitoka na mstari mweusi kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni. Masjala alidhani ameuziwa mashine mbovu, akavaa viatu kabisa ili airudishe. Kumbe ulikuwa unywele mmoja, tena wa kwake mwenyewe, umelala kwenye kioo. Tangu hapo akawa anafuta kioo kila asubuhi kwa kitambaa laini kikavu, na vumbi la picha akalitoa kwa brashi ya poda ambayo haijawahi kuonja poda.

Picha hamsini za mwanzo alizipitisha mbio mbio, kwa nukta chache, bila kuchukua undani wa picha, kwa sababu hivyo ndivyo skana ilivyokwenda haraka na yeye alikuwa anaufurahia mlio wake. Alipokuja kuzikuza, nyuso zikavunjika vipande kama vigae vya bafuni. Akazirudia zote hamsini kwa nukta mia sita kwa kila inchi. Haraka haraka haina baraka: maneno hayo aliwahi kuyabandika ukutani kazini kwa ajili ya wengine, sasa akajisomea mwenyewe.

Nakala alitunza tatu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya pembeni ndani ya kabati la nguo, na ya tatu kwenye diski nyingine iliyokaa nyumbani kwa Kaka, ambaye alilazimishwa kwanza kuziba paa. "Nyumba mbili," alimweleza mumewe. "Moto ukishika hapa, kule haufiki." Mumewe akauliza kama na yeye anaruhusiwa kuwa na nyumba ya pili, kwa usalama. Masjala akamwambia ale chakula chake.

Lakini picha za ukoo zenyewe, zile za tangu kwa Bibi, hazikuwa kwake. Zilikuwa kwa Kitinda.

Kitinda ni mdogo wao wa mwisho, kitinda mimba, na kazi yake ni kushona mapazia. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja kubwa lisilo na pazia, maana, kama asemavyo mwenyewe, mganga hajigangi. Picha anazitunza ndani ya kasha la mbao lililokuwa la cherehani ya mkono ya Bibi. Cherehani ilishakufa siku nyingi, kasha likabaki. Siku Masjala alipokwenda, alimkuta amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anapima kitambaa cha hoteli.

"Nimekuja kuazima kasha," Masjala alisema.

Kitinda alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto. "Da' Masjala, kasha halitoki humu ndani. Kaka aliazima albamu ya Bibi, ikarudi imeng'oka meno."

"Mimi si Kaka."

"Najua. Kaka angekuja na maneno matamu."

Masjala akamweleza habari za skana, nukta, nakala tatu na nyumba mbili. Kitinda alisikiliza huku anakunja kitambaa. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani na kusema jambo ambalo Masjala hakuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti katika familia yao.

"Nyinyi wote mna picha na Mama. Kaka ana ile ya baiskeli. Wewe una ile ya sare mpya za shule, Mama amekushika bega. Dada Mkubwa ndiyo usiseme. Mimi alikufa nina miaka miwili. Nimelipekua kasha hili tangu nilipopata akili, picha kwa picha. Mama yupo, mimi nipo. Pamoja hatupo. Wakati mwingine najiuliza kama aliwahi hata kunibeba."

Masjala alikuwa na miaka kumi na mmoja Mama alipofariki, na alimwona kwa macho yake akimbeba mtoto huyu kutwa nzima. Lakini macho ya mtoto wa miaka kumi na mmoja si ushahidi. Nani alijua hivyo kuliko yeye? Mdomo wake ukamtangulia. "Ipo," alisema. "Nitakutafutia."

"Usiniahidi kitu usichokijua."

"Nimesema ipo. Mjomba alikuwa na kamera kila mahali. Alikupiga hata ukiogeshwa kwenye beseni. Angemwachaje mama yako nje ya picha?"

Kitinda akavuta daftari lake la vipimo vya mapazia. "Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao lirudi hapa. Tunahesabu sasa hivi, unatia sahihi."

Kwa Masjala hayo yalikuwa maneno ya kumkosha roho. Wakahesabu mia mbili na kumi na mbili. Ndipo Kitinda akabandua moja zaidi ukutani, juu ya cherehani, ndogo kama kiganja cha mtoto: mwanamke mwenye gauni la madoadoa, kitambaa cha kichwani kimeshuka hadi kwenye nyusi, ameinamisha uso juu ya mtoto aliyempakata. Nyuma yake iliandikwa, Dada na mtoto.

"Hii ihesabu peke yake," Kitinda alisema. "Ni Dada Mkubwa amenibeba. Kama Mama sina, huyu ninaye." Masjala naye aliitambua mara moja. Gauni lile Dada Mkubwa alilivaa mpaka likachanika kwapani, nani asiyelikumbuka? Akaandika 213, akatia sahihi na tarehe.

Bandu bandu huisha gogo. Kila asubuhi baada ya chai alipitisha picha kumi, hapunguzi, hazidishi, na kila picha akaipa jina kwenye kompyuta kwa jinsi alivyowajua waliomo. Shangazi na Bibi. Baba Mdogo na redio. Mama Mkubwa amekaa. Kila mwisho wa wiki alipekua upya zile alizokwisha kuzipitisha, akimtafuta Mama na mtoto mchanga. Aliwapata wote wawili mara nyingi, lakini kila mmoja kwenye picha yake. Hakutishika. Jalada lililopotea, alikuwa akiwaambia makarani wapya, huwa halijaondoka chumbani, limekaa tu mahali pasipo pake.

Baada ya wiki tatu alikuwa ameridhika na kazi yake kiasi cha kutaka mashahidi. Akachagua picha arobaini nzuri, akazituma kwenye kundi la simu la ukoo, kila moja na jina lake chini, akakaa kusubiri pongezi.

Pongezi zilikuja dakika mbili za mwanzo. Kisha yakaja mengine.

"Shangazi yupi huyu?" aliandika mtoto wa shangazi. "Huyu ni mama yangu mzazi."

"Na huyo mnayemwita Baba Mdogo ni baba yangu," akaandika mwingine. "Udogo wake umeanza lini?"

Mtoto wa Kaka akauliza kwa nini Bibi ameandikwa Shangazi, na Bibi mwenyewe ameandikwa Bibi pia, sasa mabibi ni wangapi. Mwingine akalalamika kwamba picha zina ukungu, na hapo ndipo Masjala alipojua kuwa simu huzibana picha zikitumwa kama picha, na kwamba inampasa kuzituma kama faili. Kaka ndiye aliyefunga mjadala. "Masjala," aliandika, "mwanamke mmoja umemfanya watatu. Kwa ukoo huu ulivyo mkubwa, hawa wa nyongeza tutawalisha nini?"

Masjala aliilaza simu kifudifudi mezani. Aibu iliyompata ilikuwa ya kikazi, na hiyo ndiyo inayouma. Barua yoyote iliyoingia masjala ilikuwa na nafasi mbili za kujazwa: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani. Isiyo na mtumaji alikuwa akiirudisha bila huruma, hata kama imeandikwa na mkubwa. Na sasa yeye mwenyewe ametuma arobaini zisizo na mtumaji. Kwani Shangazi ni nani? Si jina la mtu, ni jina la mtu akiitwa na mtu mwingine. Mpaka umjue anayeita, humjui anayeitwa.

Akaanza upya. Kila picha akaipa mwaka kwanza, kisha majina kamili ya waliomo kama yalivyo kwenye vyeti vyao. Asiyoyajua akayadai kwa simu bila haya, ikawa ukoo mzima unamkwepa. Halafu akafanya jambo ambalo lilimpasa alifanye tangu siku ya kwanza. Akazigeuza picha zote na kupitisha migongo yake kwenye skana, kwa sababu nyuma ndiko kulikoandikwa, na kila maandishi yana mwandishi.

Mwandiko anaujua kuliko anavyojua nyuso. Watu waliokuwa wakipishana naye kwenye ngazi za ofisini hakuwakumbuka, lakini weka mezani ukurasa wao na atakuambia ni nani, na siku ile aliandika amekasirika au la. Akazipanga picha kwa mkono ulioandika. Baba aliandika kwa penseli, herufi zimelala kama zimechoka. Shangazi aliandika herufi kubwa tupu, kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya barabara. Na zilikuwepo ishirini na tatu za wino wa kijani, herufi ndogo zilizosimama wima, kila herufi t imekatwa kwa mstari mrefu kupita kiasi. Kalamu ya kijani katika ukoo huo alikuwa nayo mtu mmoja tu, Mjomba, mdogo wake Mama, aliyekuwa mkaguzi siku za kazi na mpiga picha siku za mapumziko.

Akazisoma moja baada ya nyingine. Mama anaanika nguo: hiyo ilikuwa picha ya Bibi. Dada jikoni. Dada na mwavuli. Dada na Shemeji.

Hapo alisimama. Picha ya Dada na Shemeji ilikuwa ya Mama na Baba, wamekaa kwenye benchi, Baba ameshika kofia. Wakati ule Dada Mkubwa hata kuposwa alikuwa hajaposwa. Shemeji angemtoa wapi? Masjala aliiweka chini taratibu, akaichukua ile ndogo ya ukutani, akaigeuza. Wino wa kijani. Dada na mtoto, kila t na mstari wake mrefu.

"Dada wa nani?" alijiuliza kwa sauti.

Kutoka kibarazani mumewe akajibu kwamba kwao walizaliwa wanaume watupu.

Lakini karani hafungi jalada kwa karatasi moja. Gauni lilikuwa la Dada Mkubwa, hilo alikuwa na hakika nalo. Na kumpa Kitinda mama leo kisha kumnyang'anya kesho, bora asimpe kabisa. Akafuta kioo mara mbili. Akailaza picha ile ndogo katikati na kupandisha nukta hadi elfu moja na mia mbili, kiwango ambacho hajawahi kukigusa. Skana ikatambaa polepole mpaka mumewe akauliza kama imekufa.

Ilipotokea, alianza na uso, asiambulie kitu. Uso umeinama na kitambaa kimeuficha, na kitambaa ukikikuza unapata kitambaa kikubwa. Akahamia pembeni. Nyuma ya mwanamke yule kulikuwa na dirisha, ambalo kwenye picha yenyewe ni doa jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi. Akalikuza, akaongeza mwanga kwenye giza lake, kidogo, tena kidogo. Kikatokea kiwiko. Kisha msichana mrefu ameegemea fremu ya dirisha, chanuo limechomekwa kwenye nywele, mdomo umetangulia mbele kwa kununa.

Masjala alikata dirisha lile peke yake, akalituma kwa Dada Mkubwa bila neno hata moja, kama faili ili lisibanwe. Haikupita robo saa simu ikalia.

"Mimi huyo," Dada Mkubwa alisema kabla hata ya salamu. "Umenitoa wapi? Hapo ni kwa Bibi. Nimenuna, Mjomba alisema filamu imebaki picha moja, na mimi nilishajichana kabisa. Mama akasema atapigwa yeye na mtoto, mimi bado nina siku nyingi."

"Dada, hiyo ndiyo picha ya Kitinda. Ile ya ukutani."

"Ile ni mimi nimembeba," Dada Mkubwa alisema.

"Wewe uko dirishani."

"Na gauni?"

"Ndilo nilitaka kukuuliza wewe."

Dada Mkubwa alivuta pumzi. "Gauni lilikuwa la Mama. Nilianza kulivaa baada ya kumzika. Mtoto alikuwa hashikiki, analia mpaka sauti inamkauka, mtu yeyote akimchukua anajinyonganyonga. Siku moja nikavaa gauni lile, akaninusa, akanyamaza. Basi nikalivaa mpaka likaisha. Kitinda aliwahi kuniuliza akiwa mdogo, huyu ni wewe? Nikasema ndiyo. Hata sikuitazama vizuri. Nilikuwa nimembeba sana, Masjala. Ningekosaje kuwa mimi?"

Masjala alilia hapo hapo. Alisogea kwanza kutoka mezani, kwa sababu kulikuwa na picha wazi na machozi yana chumvi, kisha akalia vizuri, na mumewe akaja akasimama mlangoni na sahani yake mkononi asijue aiweke wapi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alibeba kasha mwenyewe mikononi, akakataa kusaidiwa. Kitinda alikuwa anaingiza pete kwenye pazia, anahesabu kwa midomo. Masjala akaliweka kasha mezani, akafungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wenye sahihi yake.

"Tuhesabu," alisema.

"Utahesabu baadaye. Umeipata?"

Njia nzima Masjala alikuwa amepanga maelezo yake, ushahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote yakamruka. "Ulikuwa nayo," alisema.

Akatoa ile ndogo na kuiweka juu ya meza, na kando yake akaweka nyingine aliyoichapisha kubwa kama ukurasa wa jalada. "Mtazame msichana wa dirishani. Huyo ni Dada Mkubwa, amekiri mwenyewe, na sababu ya kununa ameitaja. Sasa igeuze hii ndogo. Mwandiko wa nani?"

"Wa Mjomba," Kitinda alisema. "Kijani."

"Dada yake Mjomba ni nani?"

Kitinda alikaa kwenye kiti cha cherehani. Aliichukua ile picha ndogo na kuisogeza karibu, na dole gumba lake likatua katikati kabisa, juu ya kitambaa cha kichwani, likabaki pale. Masjala aliliona. Hakusema kitu.

"Amenibeba," Kitinda alisema mwishowe. "Kwa mikono yote miwili, ona." Na akalia kwa furaha bila kujificha, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye kimto cha pini mkononi, akicheka katikati ya kilio aliposimuliwa habari za gauni. "Kwa hiyo ukutani palikuwa na Mama, na mimi namsalimia Dada," alisema. "Miaka yote hiyo. Na Dada naye nilikuwa sijamkosea, gauni ni hilo hilo."

"Nimeshaiandaa kwa ajili ya kundi," Masjala alisema baada ya kumwachia muda. "Mwaka, majina kamili, aliyepiga, aliyeandika. Niitume?"

"Bado. Ikae na mimi wiki moja kabla haijawa ya ukoo mzima."

Mtu mwingine angesema hivyo, Masjala angebisha. "Nakala tatu zipo," alisema. "Haina haraka."

Wakahesabu mia mbili na kumi na tatu, na Kitinda akatia sahihi ya kupokea. Kisha akaigeuza tena picha ndogo, akaokota kalamu ya wino kwenye meza ya kukatia. Mkono wa Masjala uliruka kabla yake. "Wino hapana," alisema. "Unapenya hadi mbele. Penseli, tena laini, tena pembeni." Kitinda akatafuta penseli yake ya kuchorea vitambaa, akajifuta macho kwa kiganja, na chini ya maneno ya Mjomba akaandika taratibu, Mama na mimi.

Masjala aliyasoma. Kwa mwezi mzima alikuwa ameusumbua ukoo wote kwa ajili ya neno kama hilo: mimi nani, anayeandika ni nani, jina kamili tafadhali. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akachukua mkoba wake, akambusu mdogo wake kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaliacha jalada lipite bila kujazwa.